Mama Rejoice na Chai Aliyokataa Kuipika

Baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi, Bi. Rejoice Keji amestaafu rasmi kutoka Redio Ukingo, hapa Buluk mjini Juba, siku ya Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025. Aliingia kama msomaji wa matangazo madogo ya Kiswahili, ya mbuzi waliopotea na vyeti vilivyookotwa. Ametoka akiwa sauti ambayo watu wa Juba wakiisikia Jumamosi asubuhi walijua kwamba kuna mtu hayupo tena.

Linus, mhariri wa jarida hili, ameniomba niandike kwa uchangamfu, kurasa mbili tu, na nimalizie kwa kumtakia mstaafu maisha mema. Linus ni kijana wa adabu na sina ugomvi naye. Nitajaribu. Mimi ni Jedidah, mtayarishaji wa vipindi, na kwa muda mrefu nimekaa upande wa pili wa kioo nikimtazama mama huyu akisoma. Uchangamfu ukinishinda njiani, basi umenishinda.

Mama Rejoice alizaliwa Koboko, upande wa Uganda, wazazi wake wakiwa wakimbizi, na Kiswahili alikiokota barabarani kwa askari na madereva wa malori. Sisi Wakenya wa kituoni tulimcheka sana. Hewani alisoma kama hakimu, kila neno mahali pake. Akivua vipokea sauti tu, ungemsikia akiuliza ni nani ameketi kwa kiti yake, na kwamba yeye iko na njaa. Tulipomtania alijibu kwamba Kiswahili kwake ni sufuria ya kuazima, bora chakula kiive na sufuria irudishwe safi. Na aliirudisha safi. Baada ya mwaka wa kwanza sikumbuki kama niliwahi kumsahihisha neno.

Kipindi chake, Waliokuwa Nasi, kilizaliwa kwa hasira. Wiki moja alifariki mkubwa fulani na redio zote zikamlilia asubuhi na jioni. Wiki hiyo hiyo alifariki mzee aliyekuwa akitabiri hali ya hewa tangu enzi ambazo watu walimsikiliza kwa redio za betri, na hakuna aliyemtaja. Mama Rejoice aliingia ofisini kwa mkurugenzi wa wakati huo bila kubisha hodi. Alimwambia kwamba wakubwa wana bendera za kuwalilia, yeye anataka wale wengine.

Wale wengine ni watu waliojulikana, lakini kidogo. Kulikuwa na Mama Abang, aliyesimama katikati ya barabara zetu za vumbi na glavu nyeupe akiongoza magari, wakati ambapo wanaume hawakutaka kuamini kwamba mwanamke anaweza kuwasimamisha. Kulikuwa na Mzee Nuwa, mbunge wa zamani, ambaye wenzake wanakumbuka alizungumza bungeni mara moja tu, kuomba feni ipunguzwe. Kulikuwa na Mwalimu Lony, mtunzi wa mitihani ya hesabu, ambaye watu wazima wengi wa mji huu bado wanamwota vibaya. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Mama Rejoice aliichukia methali hiyo, na kila nilipoitaja alinikata jicho.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa moja na hakuibadilisha. Habari ya kifo hakuichukua kwa simu. Alipanda boda hadi kwenye bika, ndivyo matanga yanavyoitwa hapa, akapita turubai ambako wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki wakisikiliza hotuba, akaenda moja kwa moja nyuma kwa wanawake na masufuria. Akapewa kigoda, akapewa chai. Akishaimaliza ndipo anauliza swali lake: marehemu alikuwa akikasirishwa na nini?

Ukiuliza alipenda nini, alitufundisha, watu watakuambia alipenda Mungu, watoto na amani. "Kila mtu anakufa Juba alipenda amani," alisema. "Sasa wenye kupigana ni nani?" Lakini mtu akiulizwa kilichomkasirisha marehemu hasemi uongo. Anacheka kwanza, halafu analia, halafu anasema kweli. Ndiyo maana tunajua kwamba Mama Abang hakuweza kuvumilia dereva anayempungia mkono wakati yeye anamwamuru asimame. Mwalimu Lony alikasirishwa na penseli zilizotafunwa. Mtabiri wa mvua alikasirishwa na watu waliotazama juu angani huku yeye akiwaeleza.

Wasikilizaji walimpenda kwa hayo. Wakati mwingine nilitoka nje baada ya kipindi nikamkuta dereva wa raksha, bajaji za hapa, ameegesha kivulini, redio ingali wazi, anajifuta uso kwa shati, na marehemu si ndugu yake wala hakuwahi kumwona.

Kisha kulikuwa na kanuni, nayo aliiweka mwenyewe. Redio Ukingo haitangazi kifo mpaka mtu wetu awe amekunywa chai ya msiba huo. Hapa Juba Facebook imewaua watu ambao jioni yake walionekana sokoni Jebel wakichagua nyanya. Uvumi unaua, unafufua, unaua tena. Lakini hakuna familia inayopika chai ya matanga kwa mtu aliye hai. Palipo na chai hiyo, kifo ni cha kweli. Kwa kanuni hiyo hatukuwahi hata siku moja kuomba radhi hewani kwa kumzika mzima.

Sasa nafika pale ambapo Linus atanuna. Kama kuna mtu aliyestahili kusomwa kwenye Waliokuwa Nasi, ni mume wake, na ndiye pekee ambaye hakusomwa.

Wengi wenu mlimjua kama Refa Gune. Jina lake kamili ni Jacob Gune, mwamuzi wa mpira, mrefu, mkavu, filimbi shingoni hata akienda kununua mkate. Mashabiki walimtungia nyimbo za matusi na yeye alizijua zote, akizipiga mluzi wakati wa kuosha raba zake. Julai 2016, mapigano yalipotulia kidogo, alitoka nyumbani kwao Kator asubuhi kwenda Jebel kumtafuta mshika kibendera wake aliyekuwa akiishi kule. Alisema atarudi kula. Hakurudi, na mshika kibendera hakuonekana pia.

Mama Rejoice alimtafuta. Alizunguka hospitali na kambi za waliokimbia makazi, akavuka mpaka akatafuta hadi Koboko, akaangalia nyuso ambazo hakuna mke anayepaswa kuziangalia. Hakukuwa na mwili, hakukuwa na kaburi, hakukuwa hata na kiatu. Baada ya miezi kadhaa ndugu za mume wakaja na turubai begani, wakiongozwa na kaka mkubwa, Mzee Kenyi, wakitaka wakae bika bila maiti, kama familia nyingine zilivyolazimika kufanya. Aliwakaribisha vizuri. Akawapa kinywaji cha karkade, baridi, kwenye glasi. Walipoketi wakingoja chai, aliwaambia kwamba shemeji zake wamechosha miguu bure, anayetaka chai atafute penye msiba. Mzee Kenyi alikunja turubai lake akaenda, na kwa muda mrefu hawakusemezana.

Tangu siku hiyo hakuna chai iliyopikwa nyumbani kwa Mama Rejoice. Kazini aliinywa kama kawaida, na sukari yake ya kutisha. Lakini ukienda kwake Krismasi, ukienda kumwona akiwa na malaria, ni soda, ni maji, ni karanga za kuchemsha. Marvin wa mitambo, alipokuwa mgeni hapa, alikwenda huko pamoja nasi, akaulizwa atakunywa nini, na kwa heshima zote za kijana aliyelelewa vizuri Machakos akasema chai tu itatosha. Millicent wa uhasibu alimpiga teke chini ya meza mpaka akachechemea kurudi kwenye gari. Tulicheka sana njiani. Mama Rejoice hakucheka siku ile, alimpa Fanta.

Na geti lake halikufungwa. Hili nalo mnalijua, maana tulilisema sana. Ni geti la mabati lenye komeo zuri la chuma kwa ndani, na usiku alilisukuma tu likaegama. Katika mji huu. Wezi waliingia wakachukua jenereta. Wakaingia tena wakachukua viti, magodoro na kuku. Binti yake anayeishi Nakuru alimpigia simu akilia. Sisi tulimsema, majirani walimsema, na yeye alijibu kwamba vitu ni vitu. Tulidhani ni ukaidi. Wengine walisema, na mimi nikiwemo, kwamba huzuni imemfanya asijali tena chochote.

Kwa hiyo kila mtu Redio Ukingo alilijua jambo hili bila kuambiwa: siku Mama Rejoice akipika chai kwake, ndiyo siku Gune amekufa. Na akistaafu bila kuipika, hakuna atakayemtangaza kamwe, maana kipindi kilikuwa chake na hakuna aliyekuwa tayari kukirithi.

Halafu hata hicho kipindi kikaondolewa. Wafadhili walijitoa, na mwezi Septemba tukaambiwa kwamba Jumamosi asubuhi itakuwa ya muziki na salamu. Rekodi za zamani hazipo. Kompyuta iliyozihifadhi iliungua umeme wa jenereta uliporuka, na aliyepaswa kuweka nakala hakuweka. Abang, Nuwa, Lony, wote wale, miaka yote ile ya kupanda boda na kunywa chai kwenye misiba ya watu, hakuna sekunde moja iliyobaki ambayo naweza kumchezea mjukuu wa mtu. Kwenye rasimu ya kwanza nilikuwa na aya inayoitwa Mafanikio. Nimeifuta. Ile methali imetushinda.

Kipindi cha mwisho kilikuwa Jumamosi tarehe 25 Oktoba. Alimsoma Namukasa, Mganda aliyekuwa akifundisha mapishi redioni zamani, na ambaye alikasirishwa na watu wanaofunua sufuria za wenzao. Akamaliza mapema. Muda ulikuwa umebaki na maikrofoni ilikuwa wazi. Upande wetu wa kioo tulisimama wote, mkurugenzi, Millicent, Marvin na mkono wake kwenye mtambo, na sitaficha, nilikuwa namwomba Mungu amsukume Mama Rejoice alisome lile jina. Alitutazama. Akafungua mdomo, akaufunga, kisha akawashukuru wasikilizaji na kuvua vipokea sauti. Marvin alichelewa kuweka muziki. Juba ilisikiliza ukimya kwa muda, nadhani watu walifikiri umeme umekatika.

Ijumaa tukamuaga kwa keki na saa ya ukutani. Hotuba zilikuwa nzuri. Yeye alishukuru kwa maneno machache, akavaa mkoba wake begani, halafu mlangoni akageuka akasema tuje kwake Jumapili baada ya misa. "Mkuje wote," alisema. "Mimi iko nyumbani."

Jumapili ile ilikuwa Siku ya Marehemu Wote. Kator tulikuta watu wakitoka kanisani na mishumaa iliyobaki, wakielekea makaburini kwao. Wale wenye makaburi. Tulipofika kwenye geti la mabati, lilikuwa limeegama kama siku zote, lakini Millicent alisimama ghafla akanishika mkono. Ilikuwa harufu ya tangawizi na moshi wa kuni. Ndani, Mzee Kenyi na ndugu zake walikuwa wameketi kwenye viti vya kuazima, na katikati ya ua, kwenye mafiga, kulikuwa na sufuria kubwa ya chai inayochemka.

Alikuwa amejifunga kanga mbili na aliichota mwenyewe, hakuruhusu mtu amsaidie. Vikombe vikazunguka. Hakuna aliyeinua. Mama Rejoice alibaki amesimama na upawa wake akatuambia kwa nini ameipika. "Nilingoja kaburi," alisema. "Kaburi haikuja. Nikasema ningoje kidogo tena. Sasa redio imekwisha, nyinyi mtaenda kwenu, na mtu wa kuniuliza ile swali haitakuwa."

Mzee Kenyi alikunywa wa kwanza. Alikunywa kama mtu anayemeza dawa, akaweka kikombe chini na kufunika uso. Baada yake wote walinitazama mimi, maana kwa kanuni lazima anywe mtu wa redio. Nikanywa. Ilikuwa na sukari nyingi, chai nzuri kabisa, na sijawahi kumeza kitu kigumu kama kile.

Kisha nikauliza, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kwamba chai bila swali ni ulafi. Nikamwuliza Refa Gune alikuwa akikasirishwa na nini.

Alisukuma kuni ndani ya mafiga. Nilidhani atasema wachezaji wanaojiangusha, au nyimbo zile. Alisema Gune alikasirishwa na geti lililofungwa kwa ndani. Alipokuwa mtoto, siku watu wa mtaa wao walipokimbilia ndani kwa hofu ya risasi, mama yake alifunga geti kwa komeo akidhani watoto wote wameingia, na Gune alibaki nje akigonga mpaka mikono ikavimba. Walipooana, usiku wa mechi moja alichelewa, na bibi arusi kwa woga akafunga komeo. Mtu aliyeweza kutuliza uwanja mzima wa vijana wenye hasira alilia pale nje kama mtoto. Akamwapisha mkewe: ukiniona nimekawia, usinifungie. Hakumfungia. Ndipo jenereta likaenda, na magodoro, na kuku, na sisi wajuaji tukamsema kwamba hajali.

Mzee Kenyi alilia kwa sauti. Mama Rejoice hakulia, alikuwa anakusanya vikombe. Nilimwambia sasa tumtangaze, na akaniuliza tumtangaze wapi, kwenye salamu na muziki? Jibu nililipata njiani, nilipokumbuka kwamba Linus alikuwa ananidai kurasa mbili.

Kwa kuwa kipindi cha Waliokuwa Nasi hakipo tena, tangazo linasomwa hapa. Redio Ukingo inasikitika kutangaza kifo cha Jacob Gune, mwamuzi wa mpira wa miguu, mkazi wa Kator, aliyetoka nyumbani Julai 2016 kumtafuta mwenzake Jebel. Hana kaburi linalojulikana. Ameacha mke, binti na ndugu. Alikuwa akikasirishwa na geti lililofungwa kwa ndani. Mtu wetu amekunywa chai.

Tuliondoka jua likiwa bado juu. Alitusindikiza hadi getini akiwa amevaa sapatu, akampa kila mmoja mkono, akamwambia Marvin aache kuwa mwembamba hivyo. Tulikuwa hatujafika kwenye gari tuliposikia chuma kikikwaruza nyuma yetu. Komeo lilikuwa limeshika kutu kwa kukaa bure, likamgomea. Tulisimama barabarani bila kutazamana. Akalisukuma tena, likaingia.

Mama Rejoice, asante kwa kwenda kukaa jikoni kwa watu ambao hakuna mwingine aliyekwenda. Linus anataka nikutakie maisha mema, na nakutakia, ingawa sijui yatatoka wapi. Zaidi ya hayo, mimi na wenzako wote wa Buluk tunakutakia usingizi. Huna tena wa kumsikilizia getini.